Rangi Juu ya Ufa

Mwanangu Amadi,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Hali yako, mwanangu? Nakuuliza kama watu wanavyoulizana kwenye barua, ingawa hali yako naijua, maana uko nyuma ya ukuta huu huu, unakunja nguo na kupiga mluzi. Mluzi huo ndio ulionifanya nitafute kalamu. Mimi kwa mwili sijambo, alhamdulillah. Kwa moyo nimekasirika, na nataka uijue hasira yangu yote kabla hujapanda gari la Pemba kesho kwenda Nampula.

Naandika kwa sababu nikisema nitapiga kelele. Shangazi zako wamejaa uani wanakuchomea mikate ya safari, na wakinisikia watasema, maskini, Zainabu anamlilia mwanawe. Mimi silii. Hapo tuelewane tangu mwanzo.

Sitakuambia ule nini wala ulale wapi huko Nampula. Hayo mjomba wako Bakari ameshakuambia mpaka umechoka, nawe una ndevu. Kwenye hiyo ofisina, hiyo gereji kubwa unakokwenda, watakufundisha kazi kwa mashine ambazo mimi sijaziona. Mimi nina habari ya chuma kimoja tu. Unakijua. Lakini nitaanza mbali kidogo, usije ukasema mama aliamka vibaya akakutafuta ugomvi siku ya mwisho.

Unakumbuka tuliporudi kutoka ng'ambo ya Rovuma. Kila nyumba hapa Palma ilikuwa imezika vitu vyake kabla ya kukimbia vita, na tuliporudi mji mzima ulikuwa unachimba. Wengine walifukua masufuria, wengine cherehani, jirani yetu alifukua mlango wake mzima na bawaba zake. Mjomba wako alikuwa amezika vipuri vya gereji yake yote kwenye magunia, kule nyuma kuelekea mikokoni, kwa sababu mchanga wa pale unachimbika kwa mikono na siku ile hatukuwa na muda wa kutafuta jembe. Mtu aliyezaliwa pwani, anayeyajua maji ya hapa yanavyojaa na kutoka, akasahau kwamba yakijaa yanapanda pia chini ya mchanga. Tulipofungua magunia, vyuma vilikuwa vyekundu, vimevimba, vinamenyeka kama mihogo iliyooza. Mjomba alikaa chini pale pale shimoni.

"Basi, Zainabu," akasema. "Nimezika gereji, nimefukua udongo."

Vipuri vipya vilikuwa havifiki, njia ilikuwa mbaya, na yeye hana kazi nyingine anayoijua. Ndipo mimi nikajitia ufundi. Nikavipakia kwenye ndoo nikaenda navyo pwani, nikavifanya kama tunavyofanya masufuria sote wanawake wa hapa: mchanga mbichi, kipande cha kumbi la nazi, sugua, suuza baharini. Bi Somoe, yule muuza vitumbua, alikuwa pembeni anaosha karai lake.

"Ee mama Amadi, masufuria gani hayo yasiyo na tumbo?"

"Ya kaka yangu."

"Mwambie aoe, aache kupika nati."

Tulicheka mpaka maji yakatufikia magotini. Nikarudi na ndoo inang'aa, mjomba akanisifu hata nikaona haya. Asubuhi yake vyuma vyote vilikuwa vyekundu tena, vyekundu kuliko vilivyotoka shimoni. Chumvi ya bahari ilikuwa imeingia kila mahali nilipopafungua kwa mchanga. Mjomba akaja, akasimama juu ya ndoo, akasema kwa uchungu wake, "Dada, chumvi umeiweka vizuri. Bado ndimu tu."

Alikuwa ananikejeli. Mimi nikaenda jikoni nikaleta ndimu kweli.

Nikaikamulia nati moja nikaiacha. Baada ya Adhuhuri nilipoifuta kwa kitambaa, kutu ilikuja na kitambaa, laini kama masizi, na chini yake chuma kikaonekana cha kijivu, kimetulia. Wewe ulikuwa umekaa karibu yangu. Ukaichukua ile nati ukaikimbiza kwa mjomba bila kuvaa viatu. Tangu siku ile jiko langu halikuwa jiko tena. Nilijaribu ukwaju, ukafaa kwa vitu vidogo. Nilijaribu siki ya maji ya nazi, ile ninayoiacha mtungini mpaka igeuke, na hiyo ndiyo iliyoshinda zote kwa vyuma vikubwa, kwa kuwa chuma unakizamisha chote, hukipaki. Nikajifunza kwa kuharibu. Ile springi niliyoisahau kwenye siki tulipokwenda Kionga kwenye maulidi, niliporudi ilikuwa imeliwa, mjomba akaikunja kwa vidole ikakatika kama biskuti. Hapo ndipo nilipojua kwamba siki ikimaliza kutu haisimami, inaendelea na chuma. Nikajifunza kusuuza kwa maji ya kisima cha msikitini, si ya kwetu yenye chumvi, na kutia magadi kidogo kwenye maji ili kuua ule ukali, na kukausha juu ya mafiga yenye joto baada ya kuondoa moto.

Halafu kungoja. Hapo ndipo mimi na wewe tulipokuwa tunagombana kila mara. Kikishakauka, mimi sikipaki mafuta ya nazi siku ile. Nakiweka juu ya tofali, kikavu, kilale. Kwa sababu chuma kizima hukauka chote, lakini chenye ufa hukauka pote isipokuwa penye ufa. Maji yaliyoingia ndani hutoka polepole, na asubuhi unaona mstari mwekundu, mwembamba kama unywele, ukiufuta unarudi. Wa kwanza tuliouona ulikuwa kwenye bolti kubwa la springi. Ulisema, "Mama, chuma kinatoka damu." Mjomba alilitupa lile bolti kwenye kisima kibovu ili mtu yeyote asije akalitumia kwa tamaa. Ulimwona akilitupa. Ulikuwepo.

Lakini ulipokua ukaanza kuona aibu. "Mama, gari si sufuria." "Mama, unapika vyuma kama mchuzi, watu wana haraka." Siku moja ulisema mbele ya wateja kwamba kwetu spana zinakaa kwenye kabati la viungo. Wakacheka, nami nikacheka. Hilo halikuniudhi, wallahi. Nilifurahi kwamba una mdomo.

Nililoliona kubwa zaidi ni la siku ya kabureta. Mzee Sumaili alileta kabureta ya mashine ya boti yake, nami nikaona imeshika uchafu mweupe, nikaitia kwenye magadi makali nikidhani nafanya wema. Alumini haitaki magadi. Ilitoka nyeusi, imetobokatoboka. Mjomba wako, mtu mzuri, lakini anaogopa watu wenye sauti, aliniambia, "Mwambie ilikuja hivyo hivyo. Nani atajua?" Nikaifunga kwenye kanga nikaenda nayo dukani kwake. Nilikuta watu wamejaa kwenye mabenchi. Nikasema, Mzee Sumaili, hii nimeiharibu mimi kwa mkono wangu, kwa kutokujua.

Unajua sauti yake. "Nani alimpa mpishi kabureta? Wewe ni mpishi! Rudi kwenye vyungu vyako!" Mbele ya wote wale. Nilirudi njia nzima nikiwa nimejifunika uso. Nikasema moyoni, sitashika chuma tena mpaka nizikwe. Baada ya siku chache mtoto wake akaja na pampu ya maji iliyooza kwa kutu. "Baba kasema, mpelekee mpishi."

Nakusimulia hili si kwa kujisifu. Nakusimulia ujue nimekaripiwa na Mzee Sumaili mwenyewe, na bado natembea, na bado nakula. Aibu haiui.

Sasa tufike kwako.

Mjomba alikuwa amekwenda Pundanhar kwenye trekta lililokwama, gereji amekuachia wewe. Anli akaleta gari la Mzee Sumaili analoliendesha, lile la abiria wa Kionga. Anli, mliyeingia naye jandoni, mliyelala mkeka mmoja mkilia pamoja kwa yale maumivu, ambaye mama yake na mimi tulipika chungu kimoja siku ya kuwatoa. Mkono wa usukani wa gari lake, kile chuma kinachofanya gurudumu lifuate usukani, ulikuwa umelegea, nawe ukatafuta mwingine kwenye vile vyuma vyetu vya shimoni, ukaniletea. Nikautia kwenye siki, nikautoa, nikauosha, nikauweka juu ya tofali. Nikakuambia, "Huu ulale mpaka kesho." Nikaenda mazishini mtaa wa pili.

Niliporudi tofali lilikuwa tupu.

"Nimempa Anli," ukasema. "Abiria walikuwa wanamngoja. Nimeupiga msasa, nimeupaka rangi nyeusi, ungeuona mama, kama umetoka dukani."

"Mkono ulilala?"

"Ulilala."

Asubuhi ile ile nimeuweka mimi, jioni ile ile unaniambia ulilala. Nami nilikuwa nimechoka na kilio cha watu, nikanyamaza. Kosa la kunyamaza kule nimelibeba tangu siku ile na sikutupii wewe. Ni langu. Lakini la kwako ni kubwa zaidi, na huwezi kulificha nyuma ya langu.

Asubuhi moja baada ya hapo, kwenye kona kabla ya kuingia Kionga, mkono ule ulikatika. Gurudumu likaenda linakotaka, gari likaacha njia likagonga mnazi. Bi Somoe alikuwa ndani na ndoo yake ya unga, akavunjika mkono. Hakufa mtu, alhamdulillah, na hilo si kwa sababu yako wala ya Anli. Mzee Sumaili akaja pale pale njiani, akamnyang'anya Anli funguo mbele ya abiria. "Mbio zako zitaua watu!" Na neno hilo ndilo lililobaki mjini. Watoto wakimwona Anli sokoni wanashika usukani wa hewani na kunguruma. Bi Somoe akiulizwa mkono umefanya nini anajibu, "Kaniulizieni Anli." Kila anakokwenda kuomba gari la kuendesha, wameshasikia.

Yote hayo uliyaona, ukaendelea kula na kulala.

Lakini haya si yaliyonitia moto. Nilikuwa bado najiambia, mwanangu ni mzembe, uzembe wa kijana, nitamkemea utaisha. Kilichonitia moto ni ile jioni ambayo Anli alikuja hapa barazani. Mimi nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi. Wewe ulikuwa unakula wali wa nazi niliokupikia mimi. Yeye hakutaka kula. Akakuuliza kwa sauti ndogo hata nikaacha kukoroga nisikie.

"Fundi, niambie ukweli. Nilikosea wapi?"

"Wapi vipi?"

"Pale konani. Nimeifikiria mpaka kichwa kinauma. Sikuwa na mbio, Amadi. Nilikata kona kama kila siku. Usukani ukawa laini tu mkononi, kama umeshika mwiko. Nilifanya nini?"

Nikangoja. Wallahi, Amadi, nilishika ukingo wa dirisha nikakuombea. Nikasema, Mola wangu, mfungue mdomo sasa hivi.

Ukatafuna, ukameza, ukasema, "Labda uliingia na kasi kidogo bila kujua. Inatokea."

Inatokea! Akaitikia kwa kichwa. Akakuamini, kwa sababu wewe ni fundi na yeye ni mtu wa usukani tu. Akaondoka akiwa ameshika lawama kwa mikono miwili, lawama uliyompakulia wewe pamoja na wali wangu. Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu, mengine sitakuandikia, lakini kumtazama mtu aliye chini na kumwongezea mzigo, hilo sikukulea nalo. Sijui umelitoa wapi. Nimelitafuta kwa baba yako, Allah amrehemu, sikuliona. Nimelitafuta kwangu.

Kesho yake nikaenda gereji. Gari lilikuwa limeshavutwa hapo. Nikamwambia mjomba anipe vile vipande viwili vya mkono wa usukani. "Vya nini, dada? Umekatika kwa kugonga mnazi." Nikasema nipe tu. Nikavileta nyumbani, nikavichemsha kwenye maji ya jivu mpaka rangi yako nyeusi ikavimba ikatoka kama ngozi ya maharage. Nikavisuuza, nikavikausha, nikakaa navyo kwenye mwanga.

Pale ulipokatikia, nusu ya uso ilikuwa nyeupe inang'aa, mbichi. Nusu nyingine ilikuwa nyekundu iliyokolea, kutu ya zamani, ya tangu shimoni. Chuma hakiwezi kushika kutu ya namna ile ndani yake kwa kugonga mnazi asubuhi ya siku moja. Ule ufa ulikuwapo. Gari lilikuwa linashikiliwa na nusu ya chuma.

Na nje, kando ya ule ufa, nikaona mikwaruzo ya msasa. Mahali pengine umepitisha msasa kidogo, kivivu, kama unavyoosha vyombo. Lakini pale, mwanangu, pale umesugua na kusugua mpaka pameingia bonde. Mtu hasugui hivyo mahali pasipo na kitu. Ulikuwa unaufuta mstari mwekundu, nao unarudi, unaufuta, nao unarudi. Ukachoka kuufuta ukaupaka rangi.

Nikakuita jikoni, nikaweka vipande juu ya mkeka. Sikusema mengi.

"Uliona?"

"Sikuona, mama." Na macho yako kwenye simu.

"Amadi. Uliona?"

Ukailaza simu kifudifudi. Halafu ukasema maneno ambayo nimekuwa nikiyatafuna mpaka leo. "Mama, watu wa Nampula wakisikia habari hii hawatanipokea. Niache nifike. Nikishatulia nitampigia Anli nimweleze."

Ukishatulia! Anli atulie wapi wakati wewe unatulia? Ale nini? Unataka aje apokee simu siku ambayo wewe umeshapata kazi, umeshapata chumba, umeshanenepa, umwambie, ndugu yangu, kumbe hukuwa wewe? Na yeye akuambie ahsante? Nilitaka kukupiga siku ile. Umenizidi urefu, ningekufikia wapi. Nikatoka nikaenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji.

Nilikungoja. Nilisema atakwenda mwenyewe. Kila ukitoka nyumbani nilikuwa nasema, leo anakwenda kwa Mzee Sumaili, na kila ukirudi nilikuwa natazama uso wako. Ulikuwa umekwenda kununua begi. Ulikuwa umekwenda kunyoa. Leo ni siku ya mwisho, na wewe unapiga mluzi.

Kwa hiyo leo baada ya Adhuhuri nimekwenda mimi.

Nimevifunga vile vipande kwenye kanga nikaenda dukani kwake. Safari hii mabenchi yalikuwa matupu, kila mtu amelala kwa joto. Nikavifungua mbele yake.

"Tena mpishi," akasema. "Umeharibu nini leo?"

"Tazama mwenyewe, Mzee Sumaili."

Akavaa miwani yake. Akakitazama kipande kimoja, akakitazama cha pili, akaviunganisha, akaviachanisha. Yule mzee ana akili, unajua. Sikulazimika kumfafanulia. Akagusa ile nusu nyekundu kwa kidole, akatazama kidole chake.

"Hii ya zamani."

"Ya zamani."

"Na juu palikuwa na rangi."

"Palikuwa na rangi."

"Nani kapaka?"

Nikakutaja. Nimesema Amadi, nimetaja na jina la baba yako, ili asije akadhani ni Amadi mwingine. Midomo yangu ilikuwa mizito, lakini nimekutaja. Sasa kasirika na wewe, tuwe wawili.

Nilidhani atapiga kelele, ningefurahi angepiga kelele. Akavua miwani.

"Mama Amadi, sijapata kuona mama akimleta mwanawe namna hii. Lakini nitakuambia. Kijana wako yupo mjini, ana miguu, ana mdomo. Siwezi kumwondolea Anli lawama mbele ya watu kwa neno la mama, halafu kijana aje aseme mama kachanganyikiwa, yeye hakupaka kitu. Aje mwenyewe. Akija, funguo namrudishia Anli hapo hapo, na Bi Somoe nitakwenda kumwambia mimi."

"Anasafiri kesho."

"Najua anasafiri. Mji mzima unajua, mmechoma mikate tangu asubuhi."

"Na asipokuja?"

"Asipokuja, mimi nina dereva mwingine anayeanza Ijumaa."

Nikafunga vyuma vyangu nikarudi. Njiani nimempita Anli amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa shule, mikono kati ya magoti. Akaniamkia, "Shikamoo mama." Akauliza, "Amadi keshafunga mizigo? Nitakuja alfajiri nimsaidie kubeba." Anataka kukubebea begi, Amadi.

Hiyo ndiyo habari. Hakuna nyingine.

Mzee Sumaili kesho atakuwa kwenye sala ya Alfajiri, msikiti ule ule, safu ya mbele kama kawaida yake. Anli atakuwa nyuma kabisa, karibu na viatu, ndipo anaposimama tangu watu walipoanza kumcheka. Gari la Pemba halipakii mpaka watu watoke msikitini. Nafasi ipo, na maneno yenyewe hayazidi ya mtu anayeuliza njia. Sitakuja kukusukuma. Sitamtuma mjomba. Sitaficha begi lako, ingawa nimefikiria kulificha.

Utaona aibu. Najua aibu ya mtu mzima ikoje mbele ya watu, uso unawaka mpaka masikio. Huenda Anli akakupiga. Akikupiga simama apige. Huenda ofisina ya Nampula wakasikia wakakukataa, na hapo utarudi kwenye chumba hiki hiki, nami nitafungua mlango, tutaanza tena na beseni na ndimu. Nimeshawaza hayo yote nikayakubali. Jambo nisiloweza kulikubali ni wewe kukaa huko mbali ukishika magari ya watu, na kila ukiona mstari mwekundu mkono wako unatafuta kopo la rangi, kwa sababu mara ya kwanza ulifanya na hakuna kilichokupata.

Kuhusu dua. Nilikuwa nimepania kukunyima. Niliketi kwenye mswala nikasema leo simwombei, nikajikuta jina lako ndilo la kwanza mdomoni. Basi kesho nitakuwa mlangoni na udi wangu, nitakufukizia nguo, nitakusomea, umesema au hujasema. Huwezi kuninyang'anya hilo hata kwa ukorofi. Lakini usiichukue dua yangu ukadhani ni msamaha. Msamaha wa jambo hili hauko kwangu, uko kwa mtu anayekuja kukubebea begi.

Jua limeshuka, nasikia mwadhini anakohoa kabla ya kuadhini. Barua hii atakuletea dada yako mdogo sasa hivi. Isome hata ukiwa na hasira. Usinifuate jikoni, sitaki kujibizana mbele ya shangazi zako.

Ukifika Nampula usiache siku zikapita, niandikie upesi. Niambie umefika salama, na uniandikie neno kwa neno ulimwambia nini Anli.

Mama yako,
Zainabu